Mkono wa Fundi na Kipimo cha Maabara: Picha, Vyungu na Chuma katika Nchi ya Busia na Jirani Zake

1. Utangulizi

Namboboto imo katika nchi ya Wasamia, kusini mwa mji wa Busia, karibu na mpaka unaoitenga Kenya na Uganda. Vilima vya Samia vilivyo jirani nayo vina mawe yenye chuma kingi. Kwa vizazi vingi wahunzi wa huko walikitoa chuma mawemawe, wakakifua majembe, na majembe hayo yakauzwa kwa majirani waliokaa kandokando ya Ziwa Viktoria. Ukielekea kaskazini, nyuma ya mji wa Malaba, katika vilima vya Chelelemuk wanakokaa Waiteso, upo mwamba wa Kakapel wenye picha nyekundu na nyeupe. Nako upande wa mashariki, katika nchi ya Wajaluo ya Siaya, ndiko viliko vigae vya Urewe ambavyo jina lake limekuwa jina la ufinyanzi wa kale wa eneo zima la Maziwa Makuu.

Rangi, udongo na chuma zimekuwa kazi za mikono ya watu waliokaa katika nchi hiyo kwa nyakati mbalimbali. Waliozifanya hawakuacha maandishi. Zilizobaki ni kazi zenyewe, pamoja na maneno machache yanayosemwa hadi leo na watu ambao huenda si wajukuu wao. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi sayansi za maabara zinavyosaidia kufahamu namna kazi hizo zilivyotengenezwa, na kuonyesha mahali ambapo maabara hufika kikomo chake na kumhitaji mwanaisimu. Aidha yanakusudia kuonyesha kwamba mwanaisimu naye anaweza kupotea endapo atategemea maneno matupu bila kuuliza kitu chenyewe kilifanyikaje.

2. Sababu ya kuuliza kilifanyikaje

Huenda msomaji akauliza swali hili lina manufaa gani kwa idara ya lugha. Jibu lake limo katika historia ya vichwa vya Ife, nchini Nigeria. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius aliviona vichwa vya udongo na kimoja cha metali katika mji huo. Kwa kuwa alishindwa kusadiki kwamba mafundi wa Kiyoruba waliweza kufanya kazi bora kiasi hicho, alidai kuwa ilikuwa masalio ya Wagiriki wa kale waliopotea, akaitaja hata nchi ya kubuniwa ya Atlantis. Mwaka 1938 vichwa vingine vya metali vilifukuliwa katika kiwanja cha Wunmonije mjini humo humo, na mabishano juu ya asili yake yakazidi.

Ubishi huo haukukatwa kwa ufasaha wa wabishani bali kwa vipimo. Uchunguzi wa kemia ulionyesha kuwa vingi kati ya vichwa vilivyoitwa vya shaba nyeusi vilikuwa vya mchanganyiko wa shaba na zinki, na vingine vilikuwa vya shaba iliyokaribia kuwa tupu, ambayo ni ngumu mno kumiminwa katika kalibu. Mwaka 1976 Frank Willett na Stuart Fleming walitangaza tarehe zilizopatikana kwa kuupasha moto udongo uliosalia ndani ya sanamu za Nigeria na kuupima mwanga unaotoka humo. Udongo uliochomwa hukusanya nguvu kutokana na mnururisho wa ardhi mwaka hadi mwaka. Ukipashwa moto tena, nguvu hiyo hutoka kama mwanga hafifu, na kiasi cha mwanga huo huonyesha ni muda gani umepita tangu moto wa kwanza. Kwa vichwa vya Ife tarehe hizo ziliangukia zama za kati, zama ambazo Ife yenyewe ilikuwa mji mkuu wenye nguvu.

Funzo lake ni dhahiri. Asiyejua kitu kilifanyikaje huwa rahisi kumpokonya fundi kazi yake na kumpa mwingine. Jambo hilo halikuishia Nigeria. Katika Afrika ya Mashariki pia, picha za miambani, vyungu na chuma vimewahi kusemwa kuwa ni kazi za wageni wa kila namna, na mara nyingi hoja iliyotolewa ilitegemea jina la mahali au hadithi iliyosikiwa nusu.

3. Rangi juu ya mwamba: Kakapel

Picha za Kakapel ni za namna mbalimbali. Zipo duara zilizo ndani ya duara, ipo mistari na maumbo mengine yasiyofanana na kiumbe chochote, na zipo picha za wanyama, ng'ombe wakiwa miongoni mwao. Baadhi zimechorwa juu ya nyingine. Duara kama hizo huonekana pia Nyero, katika wilaya ya Kumi nchini Uganda, na katika kisiwa cha Mfangano ndani ya Ziwa Viktoria.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi haigusi mwamba kabisa. Picha hupigwa kwa kamera, kisha rangi zake hutengwa kwa hesabu za kompyuta. Programu inayotumiwa sana kwa kazi hii ni DStretch, iliyobuniwa na Jon Harman mwaka 2005. Programu hiyo huzitanua tofauti ndogo za rangi ambazo jicho haliwezi kuzitambua, hata mistari iliyokuwa imefifia ikaonekana tena. Kwa njia hiyo mtafiti huweza kuona ni mstari upi uliopita juu ya mwenzake, akapanga picha kwa utaratibu wa kutangulia na kufuata. Zamani baadhi ya watafiti na wageni waliilowesha miamba kwa maji ili picha zing'ae. Maji hayo yaliyeyusha chumvi za mwamba, na chumvi ziliporudi kukauka juu ya picha zilifanya utando unaozifunika. Kwa hiyo njia mpya imeleta ujuzi na pia imeondoa sababu ya kuharibu.

Hatua ya pili ni kuitambua rangi yenyewe. Mashine ndogo ya kushikwa mkononi huupiga mwamba kwa miali ya eksirei, na kila elementi hujibu kwa mwali wake maalumu. Njia nyingine hutumia mwanga wa leza, ambao hurudi umebadilika kidogo kulingana na madini uliyoyagusa. Rangi nyekundu ya miambani kwa kawaida hutokana na hematiti, yaani oksaidi ya chuma. Rangi nyeupe huweza kutokana na udongo mweupe, chokaa au madini mengineyo, na macho peke yake hayawezi kuyatofautisha. Inafaa kukumbuka hapa kwamba hematiti hiyo ndiyo pia madini ambayo mhunzi huyatafuta. Kitu kimoja kilikuwa rangi mkononi mwa mchoraji na mtapo mkononi mwa mhunzi. Kilichotofautisha matumizi hayo mawili kilikuwa ujuzi wa mikono.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuipatia picha tarehe. Kipimo cha radiokaboni huhitaji kaboni, na hematiti haina kaboni. Mchoraji akiwa alitumia masizi au makaa kwa rangi nyeusi, tarehe huweza kupatikana. Mwaka 2017 Adelphine Bonneau na wenzake walitangaza kwamba rangi nyeusi za namna hiyo katika kusini mwa Afrika zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 5000. Kwa picha nyekundu na nyeupe mtafiti hutegemea mafuta, damu, utomvu au kitu kingine cha uhai ambacho huenda kilichanganywa na rangi ili ishike, na kitu hicho kwa kawaida kimeoza zamani. Zaidi ya hayo, ili kukipima lazima chembe ya picha ibanduliwe, na chembe iliyobanduliwa hairudi tena.

Kwa sababu hiyo watafiti wamegeukia ardhi iliyo chini ya mwamba. Uchimbaji uliofanywa Kakapel na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na vyuo vya nje umeonyesha kuwa watu walipatumia mahali hapo kwa muda wa miaka 9000 hivi. Makala yaliyotolewa mwaka 2024 na Steven Goldstein, Natalie Mueller, Emmanuel Ndiema na wenzao yalieleza mbegu zilizoungua zilizopatikana humo. Kunde iliyopimwa yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 2300 hivi, mtama uliingia kutoka kaskazini-mashariki angalau miaka 1000 iliyopita, na ulezi, ambao watu wa Busia huuita wimbi, ulipatikana kwa wingi. Kabla ya hapo, mwaka 2020, uchunguzi wa chembe za urithi katika mifupa ulionyesha kwamba mtu aliyezikwa Kakapel yapata miaka 3900 iliyopita alikuwa na nasaba inayokaribiana kwa sehemu na ya Wambuti wa misitu ya Kongo.

Matokeo hayo yanakwenda sambamba na hoja ya Catherine Namono, aliyeandika mwaka 2010 kwamba picha za duara za Uganda zilikuwa kazi ya wawindaji na wachumaji wa zamani waliokuwa na uhusiano na watu wa misituni. Lakini kwenda sambamba si kuthibitisha. Mfupa unaeleza nani alizikwa mahali pale, haumwelezi aliyechora. Mbegu inaeleza chakula kilichopikwa chini ya mwamba, haielezi kama mpishi alizitazama picha au alizipuuza. Neno Kakapel lenyewe limo vinywani mwa Waiteso, ambao walifika katika nchi hiyo katika karne za karibuni. Jina ambalo mchoraji alikipa kilima chake, na neno alilolitumia kwa kitendo cha kuchora, yote mawili yamekufa pamoja na lugha yake. Maabara haiwezi kuyarudisha. Hapa ndipo msomi wa lugha anapaswa kusema wazi kuwa hana la kuongeza, badala ya kutunga asili za maneno ili kuziba pengo.

4. Udongo: vigae vya Urewe na mikono ya wafinyanzi

Mwaka 1948 Mary Leakey, pamoja na Louis Leakey na jina la Archdeacon Walter Owen aliyekuwa amekwisha kufariki, walitoa maelezo ya vyungu vya kale vilivyopatikana Urewe na mahali pengine pa Nyanza. Vyungu hivyo vilikuwa na midomo iliyochongwa kwa pembe, mifuo ya mistari iliyopindwa kwa ustadi, na vingi vilikuwa na kibonyeo kitakoni. Kutokana na kibonyeo hicho waliviita vyungu vya kitako chenye shimo. Baadaye Merrick Posnansky alipendekeza jina la Urewe, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo kwa vyungu vya namna hiyo vya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo ya mashariki na Buhaya.

Jicho huona umbo na nakshi. Ili kujua udongo ulitoka wapi na ulifinyangwaje, kigae hukatwa kipande chembamba, kikagandishwa juu ya kioo na kusagwa mpaka unene wake uwe milimita 0.03. Katika unene huo mawe mengi huwa angavu, na mwanga uliopangwa ukipitishwa ndani yake kupitia darubini, kila madini hutoa rangi yake. Mtaalamu huweza kutofautisha mchanga wa mtoni na mawe yaliyopondwa, na huweza kuona iwapo mfinyanzi alichanganya udongo wake na vigae vikuukuu vilivyotwangwa ili chungu kisipasuke motoni. Akiyalinganisha madini hayo na miamba ya nchi, hujua kama chungu kilifinyangwa karibu au kilisafirishwa.

Eksirei hutumika kwa jambo jingine. Mwaka 1977 Owen Rye alionyesha kuwa vipovu na chembe zilizomo ndani ya udongo hulala kwa mpangilio unaofuata msukumo wa mkono. Chungu kilichojengwa kwa pingili za udongo huonyesha mpangilio tofauti na kile kilichovutwa kutoka katika donge moja au kilichopigwapigwa juu ya kalibu. Hata mfinyanzi akiusawazisha uso wa chungu kwa kokoto mpaka ung'ae, ndani ya ukuta wake alama ya kazi ya kwanza hubaki.

Kuhusu moto, maabara imejifunza kuwa na tahadhari. Udongo hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini yake unapopita digrii 450 hadi 600, na kwatzi hubadilika muundo wake kwenye digrii 573. Kwa hiyo ilidhaniwa kwamba kwa kupima joto la juu lililofikiwa ingewezekana kumtambua aliyechoma chungu kwa tanuri na aliyekichoma kwa kuni wazi. Mwaka 1992 Olivier Gosselain alionyesha kwa vipimo vilivyochukuliwa mbele ya wafinyanzi wa Kiafrika wakiwa kazini kwamba joto la moto mmoja hutofautiana sana kati ya upande na upande, hata katika chungu kimoja. Namba iliyopatikana maabarani ilikuwa sahihi, ila swali lililoulizwa ndilo lililokuwa na kosa.

Gosselain huyo huyo ndiye aliyetoa hoja inayowahusu zaidi wasomaji wa jarida la lugha. Katika makala yake ya mwaka 2000 alieleza kuwa si hatua zote za ufinyanzi husafiri kwa namna moja. Nakshi huonekana na kila mtu, basi huigwa upesi na kuvuka mipaka ya lugha. Uchimbaji wa udongo na uchomaji hufanywa mara nyingi kwa pamoja, basi majirani huweza kuambukizana. Lakini namna ya kulijenga umbo ni mazoea ya misuli yanayofunzwa polepole na mtu wa karibu, na ni shida kuyaacha. Ndiyo maana ramani ya njia za kujenga umbo mara nyingi hukaribiana na ramani ya jamaa za lugha kuliko ramani ya nakshi.

Hata hivyo hoja hiyo haifai kupokewa bila kuipima nyumbani. Ingrid Herbich alifanya utafiti miongoni mwa wafinyanzi wa Kijaluo wa magharibi ya Kenya, akaandika mwaka 1987 kwamba wanawake wengi hawakujifunza ufinyanzi kwa mama zao. Waliolewa kwanza, wakahamia kwa waume zao, wakafunzwa kazi na mama wakwe zao. Mtindo wa vyungu vya mahali fulani ulidumishwa na wanawake ambao kila mmoja alizaliwa mahali pengine. Katika nchi kama Busia, ambako Wasamia, Wakhayo, Wamarachi, Waiteso na Wajaluo wamekaa jirani, jambo hilo lina uzito mkubwa. Bibi arusi aliyevuka mpaka wa lugha huenda akajifunza chungu kipya pamoja na maneno yake mapya, na kigae chake hakitasema ni lugha gani alimwimbia mwanawe. Anayeona kigae akatangaza kabila amefanya haraka.

5. Chuma: mtapo, moto na mavi ya chuma

Kazi ya chuma ndiyo iliyowapa Wasamia sifa, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi lugha inavyoweza kumpoteza au kumwongoza mchunguzi. Vitabu vingi vya Kiswahili husema kwamba wazee waliyeyusha chuma. Kwa kipimo cha kemia usemi huo si sahihi. Chuma safi huyeyuka kwenye digrii 1538, na tanuri la udongo lililopulizwa kwa mivukuto halikuhitaji kufikia joto hilo. Makaa yanapoungua katika hewa haba hutoa monoksaidi ya kaboni. Gesi hiyo hupita katikati ya mtapo na kuinyang'anya hematiti oksijeni yake, kikabaki chuma. Kinachoyeyuka ni takataka za mtapo, yaani mchanga na udongo, ambazo huungana na sehemu ya chuma na kufanya kioevu kizito kwenye digrii 1200 hivi. Kioevu hicho huchuruzika chini, na chuma hubaki juu kama donge gumu lenye matundu. Donge hilo ndilo linalopelekwa kiwandani kwa mhunzi, likapashwa moto na kupondwa tena na tena mpaka mabaki ya taka yatoke.

Taka zilizochuruzika zina jina katika Kiswahili cha zamani, nalo ni mavi ya chuma. Wapo wanaoliona jina hilo kuwa la aibu wakataka liachwe. Lakini likitazamwa kwa jicho la kemia, linaeleza kazi kwa usahihi kuliko kitenzi cha kuyeyusha. Chakula huingia, mwili hushika kinachofaa, na kisichofaa hutoka kwa njia yake. Aliyelitunga jina hilo alikuwa ameona kwa macho kilichotoka na kilichobaki.

Mavi ya chuma ndiyo hazina kubwa ya mwanamaabara, kwa sababu chuma huota kutu na kupotea, au hufuliwa upya kuwa kitu kingine, lakini taka hudumu. Ikikatwa na kusuguliwa na kuangaliwa kwa darubini, fuwele zake huonyesha kama ilipoa haraka au polepole. Kemia yake huonyesha mtapo ulitoka kilima gani na tanuri lilifikia joto gani. Jembe likipatikana zima, kipande chake kidogo kikisuguliwa na kutiwa asidi hafifu huonyesha mistari ya mapigo ya nyundo, mahali pande mbili zilipounganishwa, na sehemu zilizokunywa kaboni zikawa chuma cha pua.

Mfano uliochunguzwa kwa kina ni wa Buhaya, ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania. Mwaka 1976 Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani wajenge tanuri na kutoa chuma, nao ilibidi wakumbushane hatua moja moja kwa kuwa kazi ilikuwa imeachwa kwa miaka mingi. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri iliipasha moto hewa kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba joto la mbele ya mirija lilipanda sana. Walidai kuwa huo ulikuwa uvumbuzi wa Waafrika uliotangulia wa Ulaya kwa karne nyingi. Wengine walipinga. J. E. Rehder aliandika mwaka 1986 kwamba hesabu za joto hazikuonyesha kuwa hewa ilipata moto kiasi kilichodaiwa. Mabishano yaliendelea kwa miaka mingi, na yalikuwa na faida yake, maana pande zote mbili zilikubaliana kwamba kazi ya Wahaya ilistahili kupimwa kwa vipimo vile vile vinavyotumika kwa viwanda vya Ulaya. Heshima ya mafundi hao haitegemei ushindi wa upande mmoja.

6. Maneno kama ushahidi

Katika utafiti huo wa Buhaya neno moja lilitoa mchango ambao mashine isingeutoa. Katika kijiji cha Katuruka palikuwa na mti mkubwa uliotukuzwa, na mahali hapo paliitwa Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Masimulizi ya wazee yaliutaja mnara wa chuma uliojengwa hapo na mfalme Rugomora Mahe. Schmidt alichimba kwa kufuata jina na masimulizi, akapata chini ya ardhi mabaki ya kazi ya chuma ambayo makaa yake yalipimwa kuwa ya zaidi ya miaka 2000. Kipimo hicho nacho kimetiliwa shaka na wengine, kwa sababu kati ya miaka ya 800 na 400 kabla ya Kristo kipimo cha radiokaboni hakitoi tarehe iliyo wazi, na kwa sababu mti mkongwe uliochomwa makaa huonyesha umri wake wenyewe, si umri wa moto. Lakini kwamba jina lilielekeza mahali pa kuchimba, hilo halina ubishi.

Mfano wa pili unaonya. Malcolm Guthrie, katika kazi yake kubwa iliyotoka kati ya 1967 na 1971, aliorodhesha shina *-túd-, lenye maana ya kufua chuma, katika lugha nyingi za Kibantu. Kwa haraka mtu angesema kuwa Wabantu wa kwanza walijua chuma. Pierre de Maret na F. Nsuka walionyesha mwaka 1977 kuwa maana ya mwanzo ya shina hilo huenda ilikuwa kupiga au kuponda tu, na kwamba kila jamii iliyopata chuma ilikichukua kitenzi cha zamani ikakipa kazi mpya. Kiswahili chenyewe ni shahidi. Kitenzi kufua hutumika kwa chuma, kwa nguo na kwa nazi, na fuawe ni mahali chuma kinapopigiwa. Neno limekuwako, na chuma kimekuja kulikuta.

Mfano wa tatu unahusu udongo. Shina la kale la kufinyanga lilikuwa *-bumb-, na Waganda husema okubumba hadi leo kwa kazi ya vyungu. Katika Kiswahili shina hilo lilipoteza sauti yake ya kwanza likawa kuumba, kisha likapanda daraja. Leo anayeumba ni Mungu, na mfinyanzi hufinyanga. Hata hivyo maneno umbo na maumbile bado yamebeba mkono wa mwanamke aliyekaa mbele ya donge la udongo. Historia ya namna hiyo haisomeki katika kigae chochote.

Kutokana na mifano hiyo mitatu inafuata kwamba neno ni ushahidi wa kitendo zaidi kuliko wa tarehe, na kwamba vitenzi vina thamani kuliko majina. Jina la chombo huazimwa sokoni pamoja na chombo. Kitenzi cha kukandia, kupuliza, kupondea au kusugulia hufunzwa kazini, kwa kuongozwa mkono.

7. Hitimisho

Yaliyoelezwa hapo juu yana matokeo ya vitendo. Majembe ya viwandani yalipoenea katika enzi ya ukoloni, matanuri ya Samia yalizimika, na waliowahi kuvukuta mivukuto hawapo tena. Vilivyobaki ni maneno yaliyosikiwa na watoto wao na wajukuu wao, ambao sasa nao ni wazee. Kwa upande wa ufinyanzi hali ni nafuu kidogo, kwani wapo wanawake wanaofinyanga bado, ingawa sufuria na plastiki zimewapunguzia wateja. Mavi ya chuma yanaweza kungoja ardhini miaka mingine 1000, na darubini za kesho zitayasoma vizuri kuliko za leo. Msamiati hauwezi kungoja.

Kwa hiyo mambo matatu yangefaa kufanywa na idara za lugha za pande zote mbili za mpaka, maana Olusamia husemwa Kenya na Uganda. Kwanza, msamiati wa ufundi ukusanywe mahali pa kazi, hatua kwa hatua, udongo au chuma kikiwa mkononi, wala usikusanywe kwa orodha ya majina iliyotafsiriwa kutoka lugha ya kigeni. Pili, kila sampuli inayochukuliwa na wanamaabara iandikwe pamoja na maneno ambayo wenyeji huyatumia kwa kitu hicho na kwa mahali kilipotoka. Tatu, istilahi za Kiswahili za sayansi hizi zianze kutafutwa katika kazi za mafundi kabla ya kuazima. Mtapo, mvukuto, kalibu, fuawe na mavi ya chuma tayari yako katika kamusi, na mengine yamo vinywani mwa watu wasioulizwa.

Mwamba wa Kakapel utabaki kimya kuhusu lugha ya mchoraji wake, na ni uaminifu wa kitaaluma kuuacha ukae kimya. Namboboto na jirani zake hazijafika huko. Katika nchi ya Wasamia fundi amekwisha kwenda, lakini neno lake halijamfuata lote.